Mwalimu wa Darasa la Tatu B

Mke wangu alikuwa na hadithi moja ya mkaguzi, na nimeisikia mara nyingi kuliko Injili. Tulikuwa bado vijana, tukiishi Lusewa, mimi bwana shamba wa kata, yeye mwalimu wa darasa la tatu. Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliingia katika kipindi chake cha Hisabati, akaketi dawati la nyuma kabisa pamoja na watoto. Kipindi kilipokwisha alisimama akasema mbele ya darasa zima kwamba leo amejifunza kitu. Hapo mke wangu alikuwa ananyamaza kidogo, anawatazama wageni mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nangoja nafasi hiyohiyo niingilie: mkaguzi alichoshwa na barabara, alikuwa akitafuta pa kusinzia. Wageni wetu wa zamani walifika mahali wakajua kabisa nani anafuata kusema nini.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwetu Mshangano, hapa Songea, wakaleta unga na kuni, wakaimba vizuri, wakaondoka. Watoto walirudi makazini kwao, mmoja Dodoma, mwingine Dar es Salaam, na kila Jumapili wananipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Hakuna anayeniuliza nimekula na nani, na ni afadhali wasiulize.

Nilikuwa mpweke, na sitatafuta neno lililopambwa zaidi ya hilo. Baridi ya Songea mwezi wa Juni humfanya mtu atamani hata wa kugombana naye juu ya mkaa uliomwagwa mlangoni. Nilijituliza kwa kumkumbuka, lakini kumbukumbu nazo zilianza kuniishia. Mtu akiwa hai, hata mzeeke pamoja, siku moja ataingia kutoka sokoni na neno ambalo hujawahi kulisikia kwake. Marehemu hana jipya. Yote niliyoyajua juu yake nilikuwa nimeshayapitia na kuyarudia, mpaka mengine nikaanza kuyatilia shaka kama hayakuwa ya kujitungia. Nilichotaka ni kusikia habari moja tu ya mke wangu ambayo siijui.

Ndipo nikamkumbuka yule mkaguzi. Wakaguzi huandika. Kama alikaa dawati la nyuma kipindi kizima, basi mahali fulani kuna ukurasa ambapo mtu asiyetujua alimwona mke wangu akiwa kijana, akaandika alichokiona.

Nikaenda ofisini kwao. Siku hizi wanaitwa wadhibiti ubora wa shule, ingawa mjini wengi bado tunasema ukaguzi. Alinipokea dada mmoja ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Kanda ya Ziwa, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti. Nilipomweleza ninachotaka akaniuliza kama natoka chuo kufanya utafiti. Nilimtazama nione kama ananitania, hakuwa ananitania. Akaeleza kwamba taarifa za sasa muhtasari wake huwafikia hata wazazi, lakini zile za zamani zimegongwa mhuri wa siri, na za siri hazitolewi kwa mtu yeyote anayeingia kutoka barabarani. Niandike barua, nitaje sababu.

Nilitoka nikiwa nimevimba kwa hasira. Siri ya nini? Waliokaguliwa wengi wamekwenda, waliowakagua nao wamekwenda, na watoto wa darasa lile sasa wana wajukuu. Nilijiuliza wanamficha nani hizo karatasi, panya au mchwa. Hata hivyo nilikwenda Majengo kwenye duka la steshenari, nikakaa kwenye benchi niandike barua, na nikakwama palepale kwenye sababu. Kuna maneno ambayo hayawezi kukaa chini ya kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Mwishowe nikaandika kwamba naomba kusoma habari za marehemu mke wangu, aliyekuwa mwalimu. Kijana wa duka akachapa, akaniuliza kama niongezewe maneno "kwa ajili ya mirathi", maana barua za wazee huwa hivyo. Nikamwambia aache.

Mirathi haikukwepeka. Niliporudi kusikia majibu, nilipelekwa kwa mkuu wa ofisi, mtu mpole mwenye sweta, na naye akadhani mafao ya marehemu yamekwama. Akaanza kunielekeza ofisi za kwenda na vyeti vya kubeba. Nilimwacha amalize, kwa sababu alikuwa ananisaidia kwa moyo, kisha nikamwambia, "Sidai kitu, mheshimiwa. Nataka kusoma tu walivyomwona."

Aliisoma tena barua yangu. Akasema taarifa hizo hazitaji walimu kwa majina, hivyo huenda nisimpate. Nikamwambia nitamtambua. Nilisema kwa uhakika wa mume. Akaniruhusu kusoma humo humo ofisini, bila kupiga picha wala kutoka na karatasi, na dada yule akaambiwa akae nami.

Dada alihangaika sana kuitafuta. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi, na ya pili pia. Mara ya tatu nilimkuta na vumbi kwenye nyusi na jalada la kahawia mbele yake, mhuri mwekundu umefifia ukawa rangi ya chai. Taarifa yenyewe ilikuwa imechapwa kwa taipureta, herufi nyingine zimetoboa karatasi. Nilivaa miwani nikaanza: idadi ya vyoo, hali ya paa, bustani ya shule, madawati yaliyovunjika. Nilipofika kwenye ufundishaji nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Kulikuwa na walimu wawili wa darasa la tatu. Wa mkondo A na wa mkondo B. Nami sikujua mke wangu alikuwa wa upi.

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka baiskeli yake, kanga aliyojifunika mvua ikinyesha, chaki kwenye nywele zake za mbele. Herufi ile moja sikuipata, na mtu pekee wa kumuuliza ndiye niliyekuwa namtafuta. Kiswahili chetu nacho hakikunisaidia: alifundisha, aliandika, aliulizwa, haijulikani kama ni mwanamke au mwanaume.

Nikasoma ya A kwanza. Mwalimu huyo ana sauti ya kutosha, anaandika ubaoni kwa hati nzuri, anafuata andalio la somo, anastahili pongezi. Nikajiambia ndiye huyu. Nilijilazimisha kufurahi, kama mtu aliyepewa shati lisilomkaa na mwenye kumpa bado yupo mbele yake. Hati nzuri! Wangapi wana hati nzuri. Ningeweza kuyabeba maneno yale nikampelekea mjane au mgane yeyote wa mwalimu hapa mkoani, na kila mmoja angeshukuru.

Kisha nikasoma ya B. Mwalimu alitumia sehemu kubwa ya kipindi cha Hisabati kuchora na kueleza mashimo ya kilimo cha milimani, jambo lisilohusiana na mada ya kuzidisha. Wanafunzi walichangamka kupita kiasi. Ameshauriwa kufuata muhtasari wa somo.

Nilicheka mpaka dada akainua kichwa. Ngoro! Mke wangu alikuwa Mmatengo, amekulia kwenye miteremko ya Mbinga, ambako shamba zima linachimbwa mashimo yaliyopangana kwa mistari ili maji ya mvua yatulie ndani na udongo usiporomoke. Ukihesabu mashimo ya mstari mmoja, ukahesabu na mistari, umeshazidisha. Hata wetu wawili aliwafundisha hivyohivyo, kwa kijiti, uani, nami nikipiga kelele kwamba wananichimbulia bustani. Watoto wa Lusewa wanaishi tambarare, hawajaona ngoro, ndiyo maana alianza kwa kuwachorea. Na mkaguzi, popote alikotoka, aliona mwalimu aliyepotea njia.

"Umempata, mzee?" dada akaniuliza.

Nikamwambia nimempata, na kwamba amegombezwa. Akataka kunipa pole, akaona uso wangu, akaacha. Nilisoma mistari ile mitatu tena na tena, nikamrudishia jalada, nikamwachia baraka zote nilizozijua.

Njiani sikupanda chochote. Nilitembea kwa nguvu ambazo miguu yangu ilikuwa imenificha muda mrefu. Nilikuwa nimemshika mke wangu na hadithi yake. Miaka yote ile ya "leo nimejifunza kitu", kumbe bwana mkubwa ameandika "walichangamka kupita kiasi", ameandika afuate muhtasari. Halafu nikafikiri upande wa pili: labda alisema kweli mbele ya watoto, akaenda kuandika mengine mbele ya wakubwa wake, kama watu wa ofisi tulivyo. Au labda mke wangu alijua ameonywa, akaamua kuigeuza kuwa sifa na kututazama tukimeza. Yote mawili yanamfaa. Nilijua kabisa angejiteteaje, angeanza kwa kunyoosha kitambaa cha kichwa, lakini jibu lenyewe sikulijua, na nililitaka kwa hamu ambayo sijaisikia tangu tumzike. Nilikuwa napanga nianze vipi. Nisimwambie mara moja. Nimuulize kwanza, taratibu, kama anakumbuka mkondo wake.

Nilifika nikafungua mlango, na kabla sijavua viatu nikaita kuelekea jikoni, "Mwalimu, leo nimekukamata."

Nilivua viatu, nikaketi sebuleni. Nilikuwa na habari yake mpya, ile niliyoitafuta, na katika Songea nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa.