Klachi ya Inchi Kumi na Nusu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mkate hapa Murabba, Riyadh, nimetoka zamu ya hospitali na miguu yaniwaka moto, likapita gari la michezo la Kimarekani, la zamani, boneti refu, likinguruma kwa silinda zake nane. Watu wakatoa simu wapige picha. Mimi nikageukia ukuta, maana machozi yalishanitoka, na mtu mzima kulia kwenye foleni ya mkate ni aibu.

Ngoja nikueleze. Nilikulia Bani Malik, Jeddah, ghorofa ya juu, katika nyumba iliyonukia iliki na petroli. Baba alikuwa fundi wa magari kutoka Mombasa. Kafili wake, yaani Msaudi aliyemdhamini kufanya kazi nchini, alirithi gari kama lile kwa babake, injini imekufa, na alitaka kuliendesha siku ya harusi ya mwanawe. Akamwambia baba: "Likitembea, ya fundi, ikama ya mkeo na bintiyo naiongeza. Lisipotembea, mafi ikama." Ikama ndicho kibali cha kuishi huku, na mafi ni hakuna; basi kukaa kwetu pamoja kukategemea gari lile.

Lakini raha yake, jamani! Mama akikaanga mahamri, kando ya jiko pistoni zimepangwa juu ya gazeti kama vikombe vya wageni. Klachi ilipofika kutoka Amerika, ya inchi kumi na nusu, baba aliomba leso safi aifunge, kwa sababu sahani ya klachi ikiingia mafuta huteleza. Mama alinung'unika wee, mwishowe akatoa leso mpya ambayo hajaivaa hata mara moja. Mimi nilisugua bolti kwa mswaki mkuukuu, na tangu hapo sijapata kazi niliyoipenda kama ile.

Kitabu cha injini kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza kilimpiga baba chenga. Jirani yetu Msudani, mwalimu, alikuja jioni kumsomea huku akinywa chai yetu. Alipofika penye nafasi ya kuachwa kati ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake, pale mafuta yanapopita, alisoma: "Mbili na nusu." Baba akaitikia, akapima. Maisha yake yote alikuwa amefungua pikapu za Kijapani, na vipimo vyake vilihesabu sehemu za mia za milimita. Kitabu kilihesabu sehemu za elfu za inchi, ambazo ni kubwa zaidi ya maradufu. Baba hakuuliza, mwalimu naye hakusema. Nafasi ikatoka finyu, haikufika hata nusu ya iliyotakiwa, na krenki ikawa nzito kuzungusha.

"Mashine mpya huwa ngumu," baba akasema. "Italegea yenyewe ikitembea."

Haikulegea. Siku ya kulijaribu kafili alishika usukani, baba akaketi kando yake, mimi na mama tukapiga vigelegele dirishani. Klachi ilishika vizuri kabisa. Kabla hawajafika barabara ya ufukweni beringi zilikamata, injini ikazima, na haikuwaka tena. Kafili hakufoka. "Halas, ya fundi," yaani imekwisha, ndilo neno alilosema.

Mimi na mama tukarudishwa Mombasa. Baba akapata kafili mwingine Riyadh, asiyetaka mambo ya familia, akaishi vyumba vya pamoja hapahapa Murabba hadi alipofariki. Fundi mmoja wa huku ndiye aliyemwonyesha kosa. Tangu hapo kila alipopiga simu, kabla hata ya kuniuliza habari za shule, alisema, "Ningeuliza tu, inchi au milimita." Mama akimwambia, "Yaache hayo, babake." Hakuweza kuyaacha, na mwishowe mama akawa hapokei simu zake.

Likizo iliyopita nilikwenda Jeddah. Nyumba yetu imebomolewa, pamebaki uwanja wa kifusi na magari yameegeshwa juu yake. Nikampigia mama kumwambia.

"Nyumba gani?" akaniuliza.

Nikamtajia mtaa, ngazi, jirani. Akaniuliza kama nimekula. Sijui kama amesahau au amekataa kukumbuka. Ninalojua ni kwamba sasa nimebaki peke yangu kusema kuwa sisi watatu tuliwahi kuishi pamoja.