Neno la Kiingereza Lenye Ng'ombe Ndani Yake

Kuna siku moja naikumbuka hata kwa pua: vumbi la barabara, samadi, na mafuta ya nywele niliyojipaka kupita kiasi. Siku hiyo nilienda kutoa mahari peke yangu. Peke yangu kabisa, mwanangu, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mbele yangu ng'ombe, nyuma yangu hakuna mtu.

Unicheke, lakini polepole. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu ujana. Mvua ikinikuta nje ya parseli yangu, kiwanja changu hiki cha Shari, nafikiri imenifananisha na mtu mwingine. Na ng'ombe wale wote nilikuwa nimewafuga mwenyewe, ndama kwa ndama, bila kumwomba mtu hata kamba. Nilitaka baba yake Mapendo, msichana niliyemposa, aone hivyo na aseme: kweli, huyu ni mwanaume.

Mzee akatoka. Akatazama ng'ombe, kisha akatazama barabara nyuma yangu, muda mrefu, kama anayengoja lori lifike.

"Wenzako iko wapi?"

"Nimekuja miye mwenyewe, papa."

"Na hizi ngombe?"

"Yote ni yangu."

"Basi rudisha yote."

Nilidhani anatania. Mapendo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na uso wake ulikuwa umeanza kujifunga. Baba yake hakutania.

"Mutoto yangu akigonjwa, tutamubeba na kitanda mupaka hospitali," akasema. "Kitanda iko na pembe ine. Weye utashika pembe ngapi?"

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

"Ulete ngombe moja yenye haiko yako. Pale njo tutaongea."

Fikiria, mwanangu: kundi zima limekataliwa, anatakiwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye nisiye naye. Mwingine angemaliza kazi hiyo asubuhi moja. Mimi nimwombe nani? Jirani yangu wa mkono wa kuume alikuwa mtu aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Nizi, mwenye mtamba mmoja wa madoa aliyemnunua kwa jasho lake. Jogoo wake nilimjua kwa sauti. Jina la mwenye jogoo, hapana.

Nikasimama mlangoni kwake mpaka jogoo mwenyewe akachoka kunitazama. Nikaeleza shida yangu yote. Yule mtu akasikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Miye naitwa nani?"

Nikaanza kumsifu jogoo wake. Jogoo hakunisaidia.

"Naitwa Asani," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Ngombe utapata. Lakini ngombe yangu haitembee na mutu mwenye haimujui. Tutaenda wote."

Akapita kuwaita watu waliochimba pamoja naye, Wakristo na Waislamu, watu waliooshana tope la Nizi. Jumamosi tulikuwa umati, na mimi bwana harusi katikati yao kama mgeni. Baba yake Mapendo hakugusa ng'ombe wangu hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mtamba wa madoa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Asani," nikasema, kwa sauti kubwa mpaka ng'ombe wakageuka. Jikoni Mapendo akacheka. Kicheko hicho bado nakisikia humu ndani, hasa nikikaa bila kazi.

Sasa sikiliza kilichonitoa kitini wiki hii. Mjukuu wangu Neema anajifunza Kiingereza. Anataka kupanda mashua ya Kasenyi avuke ziwa, akasome Uganda. Akaniuliza mimi babu yake, "Koko, fellow ni nini?" Mimi ambaye Kiingereza changu kiliishia kwenye kusalimia mwalimu, nikajibu: ni jamaa. Akasema ni sawa, lakini pia ni mwenzako wa darasa moja, wa kazi moja, wa safari moja. Ni msomi aliyepewa nafasi chuoni. Na wanaoomba pamoja kanisani, ushirika wao huitwa fellowship.

"Lakini sikia kwenye ile neno ilitoka," akasema. Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini, waliokuja kwao kwa bahari. Nusu ya kwanza ilikuwa mali, na zamani mali yao ilikuwa mifugo. Nusu ya pili ni kuweka. Kumbe fellow ni yule anayeweka mali yake pamoja na yako katika jambo moja.

Niliinuka haraka mpaka goti likalalamika. Asani! Watu wa theluji, wasioijua njia ya Shari, walifunga ng'ombe wa Asani ndani ya neno lao na kumwacha humo akiningoja. Nikamwambia Neema asome tena, na tena, mpaka Mapendo akaniuliza kama nimeposa mwingine.

Mwanangu, wewe mwenye mshahara wako, simu yako na mlango wako wa chuma, usingoje siku ya mahari ndipo ujue jina la jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo. Lakini vidole havikutani siku ya chawa. Vimekaa mkono mmoja tangu zamani. Weka kitu chako pamoja na cha mwenzako mapema, hata kama ni kamba tu, na ukubali naye akuwekee chake. Kupokea ni kugumu kuliko kutoa. Uliza mtu wa nyumbani.

Mungu akupe zizi lenye ng'ombe wasio wako wote. Akupe watu wa kushika pembe tatu za kitanda cha mgonjwa wako, na kitanda kikiwa cha mwingine, asikose kukuona kwenye ya nne.

Nilikuwa nikijisomea maneno haya ninayokuandikia kwa sauti, nimejifungia, nimejiona hodari sana, Asani alipopiga kelele kutoka upande wa barabara: "Weye muzee, tangu asubui unasomea ukuta mambo yangu, fungua mulango, miye niko inje."