Sichezi Ili Nishindwe

Siku yangu ya kwanza melini, Mkurugenzi wa Burudani alinikabidhi fulana nyeupe na amri moja: abiria asishindwe mchezo wowote. "Amelipa ili afurahi," alisema. "Wewe unalipwa utabasamu."

Nyinyi vijana wa hoteli za hapa Doha mnaijua amri hiyo, hata kama yenu imepambwa kwa maneno matamu zaidi.

Tulikuwa tunavuka Atlantiki, siku nzima maji matupu, na siku kama hizo sisi wa burudani ndio tulioibeba meli. Asubuhi niliongoza mazoezi ya viungo kwenye sitaha, halafu chemsha bongo, mchana bingo, usiku dansi. Alasiri ilikuwa ya drafti, mchezo niliojifunzia Voi kwa vizibo vya soda. Hapo ndipo amri ile iliponikaba koo.

Alikuja bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Nilimla kete, nikafikisha yangu mwisho wa ubao na kuingiza kingi, nikamfunga. Mkurugenzi alinivuta kando. "Kesho umwachie ashinde. La sivyo, tukifika bandarini unashuka na mizigo yako."

Kazi niliihitaji sana. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Lakini nilikataa, na sijuti hata chembe. Ukimwachia mtu mzima ashinde, umeshamwona hana akili, halafu unamchekea usoni. Kesho yake nikamfunga tena.

Mkurugenzi alinihamishia kwenye bwawa la kuogelea, nigawe taulo. Alasiri nikamwona bibi anakuja, ubao wa drafti kwapani. "Wale wenzako wananibembeleza, wananiachia nishinde," alisema kwa hasira. "Panga kete." Tukachezea juu ya rundo la taulo, Mkurugenzi akitutazama asijue la kufanya. Siku hiyo bibi alinifunga, akapiga kelele mpaka waogeleaji wakageuka. Bandarini sikushuka.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Doha, mtaa wa Muaither, kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi. Ijumaa iliyopita Brayo, jirani yetu mlinzi, alikuja tucheze. Njia ya kuingiza kingi ilikuwa wazi mbele yake, naye akasogeza kete ya pembeni.

"Mbona hukuingia?" nikamuuliza.

"Aah, mzee, wewe ni babu yetu bana. Wacha leo ushinde."

Damu ilinichemka. Nilizimwaga kete zote mezani. "Panga upya. Na ucheze!"

Alinifunga vibaya. Nikamwambia binti yangu amwongezee chai.