Mkaguzi na Kadi ya Mfalme

Kila anapofika nyumbani kwa Bi. Tattersall, mjini Burnley, mkaguzi wa leseni za televisheni hufuta viatu mara nne mlangoni, hata siku ya jua, kisha humsalimu bibi huyo kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Masikio ya bibi hayana kasoro. Ni mkaguzi tu aliyeamua kwamba kila mwenye mvi ni kiziwi. Haketi mpaka akaribishwe mara mbili. Chai huipuliza hata ikiwa imeshapoa, na vidole vyake, laini kama vya mtu asiyewahi kumenya kiazi, havitulii: hubofya kalamu kila neno "kanuni" linapomtoka.

Leo lilimtoka sana. Msamaha wa ada ya leseni, alieleza, ni kwa waliofikisha miaka sabini na tano na wanaopata nyongeza ya pensheni, na hata leseni ya bure lazima iombwe. Barua ya nyongeza aliiona, akaridhika.

"Sasa uthibitisho wa umri, bibi."

Bi. Tattersall akamwonyesha kadi iliyosimama juu ya meko, aliyotumiwa na Mfalme, yenye picha yake na Malkia, ya kumpongeza kwa kutimiza miaka mia moja. Mkaguzi akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akachungulia hata nyuma.

"Nzuri sana. Lakini haina tarehe ya kuzaliwa."

"Basi andika hapo, mwanangu, kwamba Mfalme kanidanganya."

Kalamu ikabofya. Mkaguzi akainamia fomu yake.

"Alikudanganya tarehe ngapi, bibi?"