Damu Ilisema Nilichokataa Kusema

Kabla sijaugua, watu wa Makere waliniita Injinia, na sikuwakataza. Nilizaliwa hapa katika nyumba ya nyasi. Nilibeba matofali kichwani, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya ujenzi. Nilifanya kazi Njombe, kwenye baridi, miaka kumi na moja. Niliporudi nilijenga nyumba ya bati jekundu, ya kwanza kitongojini kwetu kuwekwa vigae sakafuni. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kujikojolea kitandani mbele ya mke wake.

Mke wangu, Neema, ni mtu wa Njombe. Chandarua nilimhimiza yeye. "Mbu wa huku hawakujui," nilimwambia. "Mimi nimezaliwa nao." Kila nilipokwenda Kibondo kikazi alinitilia chandarua kwenye begi, nami nilikitoa. Sisi tunaorudi nyumbani wengi tunakosea hapo. Tunadhani mwili nao unakumbuka kwao.

Homa ilinikuta Kibondo, Jumatatu, nikikamilisha madarasa mawili ambayo ningeyakabidhi Ijumaa. Viungo viliuma, mdomo ukawa mchungu. Nilimeza dawa za maumivu nikapanda juu ya paa kukagua misumari. Jumatano nilirudi Makere nikitetemeka na kutapika nyongo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Alhamisi asubuhi Mama alikuja kunijulia hali. Kwetu Waha tunasalimiana kwa kupiga makofi.

"Mwakeye," alisema, akipiga yake taratibu.

Niliinua mikono niitikie. Viganja vikapishana hewani. Nikajaribu tena, vikapishana tena.

Mama aliacha kupiga makofi. "Mwana wanje, mwanangu, mikono yako haionani." Akamgeukia Neema. "Mama, tafuta gari. Sasa hivi."

Hospitali ilikuwa upande wa Kasulu. Walinipima, wakakuta malaria. Mtaalamu wa maabara alikuwa dada anayeitwa Anjela, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Nilimwomba majibu niyasome mwenyewe. Vimelea vilivyoonekana kwenye darubini vilikuwa vichache.

"Malaria ndogo hii," nilimwambia. "Nipeni vidonge niende. Kesho nakabidhi madarasa."

"Injinia, wewe nyumba unaikagua kwa kutazama rangi ya ukuta?"

"Hapana. Natazama msingi."

"Basi niache na mimi nitazame msingi."

"Dada, mimi nina stashahada."

"Kaka, hata mimi ninayo. Lete kidole."

Tone moja likaingia kwenye kimashine kidogo kama simu ya batani. Damu nyingine akaivuta kwenye mshipa. Aliposoma namba hakutania tena. Aliondoka karibu anakimbia, akarudi na daktari.

Kilichopimwa kinaitwa lakteti. Ni asidi inayorundikana damuni mwili unapokosa hewa ya kutosha. Ya mtu mzima mwenye afya haifiki mbili. Yangu ilikuwa saba. Sukari ilikuwa imeshuka, na kipimo cha figo kilikuwa kimepanda.

"Vimelea vilivyoonekana ni vile vinavyotembea," daktari alinieleza. "Vingine vimeganda kwenye mishipa midogo, vimeziba njia. Darubini haivioni, lakini mwili wako unalalamika. Ukienda Kibondo leo, kesho watakabidhi maiti yako."

Neema alinishika mkono. "Baba, madarasa hayana miguu. Lala."

Nikalala. Waliniwekea maji yenye sukari, wakaanza sindano za artesunate, dawa ya malaria kali, kwenye mshipa. Jioni hiyo siikumbuki. Neema anasema nilihesabu matofali kwa Kiha, nikagombana na dari kwamba imepinda, kisha nikajikojolea. Alinibadilisha shuka mara tatu.

Kesho yake lakteti ilikuwa nne. Keshokutwa, moja na nusu. Nilizisubiri namba zile kuliko nilivyowahi kusubiri matokeo ya mtihani. Nimejenga maghala na madaraja, lakini sijaona kazi safi kama ile ya dada yule: kuuliza tone la damu swali, na kupata jibu ambalo mwenye damu anakataa kulitoa. Figo zilichukua wiki nzima. Wingi wa damu walinirudisha kuupima tena baada ya siku kumi na nne, kwa sababu sindano ile yaweza kufuatiwa na upungufu wa damu mtu akishapona.

Siku ya kutoka Mama alisimama mlangoni mwa wodi. "Mwakeye." Nilipiga makofi yakalia mpaka wagonjwa wakageuka.

Nawashukuru Anjela, daktari, Mama na Neema. Wewe unayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, kinga uliyoondoka nayo imekwisha. Lala ndani ya chandarua. Homa ikianza, nenda siku hiyohiyo, na ukiambiwa vimelea ni vichache usishangilie. Acha wapime na lakteti, sukari na figo.

Madarasa niliyakabidhi wiki tatu baadaye, yamesimama sawasawa. Sebuleni kwangu stashahada imetundikwa kwenye fremu, na pembeni yake, kwenye fremu kubwa zaidi, kuna karatasi ya maabara yenye ile saba. Mgeni akimaliza kuzisoma zote mbili, nampeleka chumbani nimwonyeshe chandarua nilichokifunga kwa mkono wangu. Hakuna kilichofungwa vizuri kama kile Makere nzima.