Ondiek na Gari Lililokataa Kujaa

Ukitaka kumkasirisha Sylvanus Ondiek, usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba usafiri wa Kampala umeendelea. Ataiweka chini suruali aliyokuwa akiikunja, atavua miwani, na hapo ujue umejitakia mwenyewe, maana utasikia habari za mabasi ya zamani mpaka masikio yakuume, na nguo uliyokuja kununua hutauziwa kabla hajamaliza.

Alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Siaya, nchini Kenya. Alivuka mpaka mara tu baada ya vita vya 1986, wakati wenye akili zao walikuwa bado wanasikiliza kama risasi zimekwisha kweli. Alikuja na furushi la mitumba, akapata kibanda katika soko la Owino, akapanga chumba kule Naguru jirani na kambi ya polisi. Ndugu zake walidhani atakaa msimu mmoja. Akakaa mpaka mvi zikamwota, na ukimwuliza ni nini kilichomfunga hapo, hatakwambia biashara wala mwanamke. Atakwambia basi.

Basi lenyewe lilikuwa la jiji. Asubuhi lilipanda Naguru likinguruma, likachukua watu, likashuka mjini, likapita katikati bila kumshusha mtu asiyetaka kushuka, likaendelea moja kwa moja mpaka Nsambya. Dereva alikuwa Nashon, Msamia wa Funyula, upande wa Kenya, mnene, mkimya, ambaye akishika usukani ungedhani yuko kanisani. Konda alikuwa Ojera, Mwacholi mtoto wa polisi, mzaliwa wa kambi ya Naguru, na mdomo wake haukujua likizo. Saa ikifika, Nashon alikuwa anaondoka. Awe na abiria wa kutosha, ameondoka. Awe na Ondiek peke yake na furushi lake, ameondoka, na Ojera atakuja kumkatia tiketi kwa heshima zote kama waziri. Mgeni asiye na mbele wala nyuma, katika mji uliotoka vitani juzi, anaendeshwa peke yake ndani ya basi zima kwa sababu tu saa imefika. Jambo hilo lilimwingia Ondiek moyoni na halikutoka.

Kisha mabasi yakafa. Hayakufa siku moja. Moja lilikosa gia, jingine likavuliwa vipuri ili kulitibu hilo la kwanza, na la tatu likalala likiwasubiri wenzake. Wakubwa waliopewa dhamana ya kuyatunza walikuwa na magari yao nyumbani, kwa hiyo hawakuumia. Teksi ndogo, zile ambazo Kenya huitwa matatu, zikachukua mji. Nashon akaenda kuendesha lori. Ojera akasema amepata kazi ya usimamizi katika paki, kituo kikuu cha teksi katikati ya mji, na tangu hapo hakuonekana bila koti na mkoba.

Hata hivyo Jumapili baada ya ibada watatu hao hawakukosa kukutana. Waliketi barazani kwa Nashon, katika nyumba za reli za Nsambya, wakaanza kunung'unika, na walinung'unika kwa raha kama wengine wanavyocheza karata. Ondiek aliiga kwa mdomo mlio wa basi likipanda Naguru, Nashon akatikisa kichwa kwamba hiyo ni gia ya tatu, si ya pili, na ugomvi wa gia ukafika mpaka chai ya pili. Nabwire, mke wa Nashon, aliwasikiliza akiosha vikombe.

"Basi lenu lilikuwa linavuja," aliwaambia siku moja. "Mimi nilikuwa nalowa ndani yake kuliko nje."

Walijifanya hawakusikia.

Hasira yote ya Ondiek iliishia kwa abiria wa kukodiwa. Teksi haitoki pakini mpaka ijae, na hakuna msafiri anayependa kuingia gari tupu. Kwa hiyo madereva huwapa watu chochote wakae ndani, wajifanye wanasafiri. Unawaona wametulia, unaingia ukidhani safari ni sasa hivi. Kila abiria wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka kimyakimya na kuhamia gari jingine, na wewe unabaki humo ukiiva kwa joto kama matoke ndani ya majani ya mgomba.

"Mtu mzima na ndevu zake," Ondiek alikuwa akifoka, "ameketi na mzigo mapajani, na haendi popote. Huyo ni mwizi. Tena afadhali mwizi wa mfukoni, huyo huwa anajificha."

"Dunia naharibika, omera," Ojera alikuwa akijibu, akitazama kikombe chake. Omera maana yake ni ndugu yangu, na neno hilo Mwacholi na Mjaluo hawahitaji kutafsiriana.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Nashon aliugua kifua, akalazwa hospitalini Nsambya, na safari hiyo hakurudi barazani. Mwili ulipangwa kusafirishwa Jumamosi saa nne asubuhi, ukazikwe Funyula jioni hiyo hiyo. Watu wa kanisa walikodi gari dogo na ukoo ukagombania viti vyake, lakini Nabwire alikaza uzi: viwili ni vya Ondiek na Ojera. "Hao ndio walioishi naye barabarani," alisema. "Lazima wamfikishe nyumbani."

Jumamosi Ondiek alitoka Naguru mapema, amevaa suti aliyojichagulia mwenyewe kutoka kwenye furushi la Owino. Teksi ilimleta mpaka pakini ikamtapika humo kama kawaida, maana siku hizi hakuna gari linalovuka mji. Yote huingia pakini na kuzima. Akafika kwenye safu ya magari ya Nsambya akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa na bodaboda mwaka uliotangulia, na bado ulimsumbua kwenye mlima.

"Nsambya, Nsambya," konda alimwita. "Ingila mzee, mmoja tu anabaki."

Ondiek alikuwa karibu kumjibu vibaya, lakini akamwona Ojera ndani, karibu na dirisha, na koti lake na mkoba wake mapajani. Moyo ukatulia. Mwenzake wa msiba yuko tayari kitini, kwa nini asipande?

"Kuja, omera," Ojera alisema, akamsogezea nafasi. "Hii ndiyo nakwenda."

Haikwenda. Ondiek aliuliza saa, akauliza tena, akainuka. "Mimi natembea. Tutamkosa Nashon."

Ojera alimshika mkono wa koti. "Na hiyo mguu? Boda nayo itavunja ile ingine. Kaa, gari iko karibu kujaa." Kisha, kabla Ondiek hajajibu, akaanza: "Unakumbuka siku ya ule mkubwa wa jeshi?"

Nani angesahau. Mkubwa huyo alikuwa amemwamuru Nashon asiondoe basi mpaka mke wake amalize kuvaa. Nashon alitazama saa, akasema ndiyo afande, akaondoka. Yule mama alikimbia nyuma ya basi na kiatu kimoja mkononi, Ojera akining'inia mlangoni akimpigia saluti. Ondiek alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakageuka kuwa ya msiba, akalia kidogo, na Ojera akampigapiga begani. Wakaingia hadithi nyingine, na nyingine tena.

Alikuja mama mmoja na watoto wawili. Ojera akasimama, akachukua mkoba, akateremka. Ondiek alidhani anawapisha waingie. Akamtazama akipita mbele ya gari, konda akimgusa kiganja haraka, na Ojera akaingia gari lililofuata, la Nsambya vilevile, tupu, akakaa dirishani na kuweka mkoba mapajani.

Damu ilimpanda Ondiek kichwani. Si kazi ya abiria wa kukodiwa iliyomchoma. Aliijua na kuilaani miaka yote. Kilichomchoma ni kwamba Ojera hakumshika kwa uongo wa mgeni. Alimshika kwa Nashon. Alizichukua Jumapili zao zote akazitumia kumbana kitini ili gari la mtu lijae. Na aliujua msiba, aliijua saa, alijua kiti chake kiko wapi. Huo ni unyama, na mimi ninayesimulia sina neno jingine la kuuita.

Hakupoteza muda wa kumtukana. Alishuka, akapiga moyo konde, akaupanda mlima wa Nsambya kwa mguu wake mbovu. Alipofika chumba cha maiti cha hospitali, alimkuta mlinzi peke yake akimwaga maji sakafuni.

"Wamekwenda sasa hivi," mlinzi alisema. "Yule mjane aliwangoja sana. Watu walitaka kukaa kwenye viti vyenu, akakataa. Ameondoka navyo hivyo hivyo."

Ondiek alisimama akihema. Mazishi yalikuwa jioni. Akipata gari la Busia mara moja, akavuka mpaka bila kukawia, angeweza kumkuta Nashon juu ya ardhi. Akapanda bodaboda aliyoapa kutoipanda tena, roho mkononi, akarudi pakini mbio.

Gari la Busia lilikuwa limebakiza nafasi chache. Ojera alikuwa ndani yake, koti mwilini, mkoba mapajani.

"Omera, panda," Ojera alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeacha ile kazi. Mimi nakwenda kuzika Nashon."

"Asubuhi pia ulikuwa unakwenda kumzika Nashon."

"Asubuhi nilifanya vibaya. Sasa nasafiri kweli. Uliza konda kama sijalipa."

"Konda ndiye anayekulipa," Ondiek alisema. Akawageukia waliokaa, akapaza sauti. "Jamaa zangu, shukeni. Huyu si abiria. Amekodiwa. Anajua kulia na wewe, anajua kucheka na wewe, na gari haliondoki."

Watu wakatazamana. Wawili wakashuka. Konda akatukana kwa Kiganda mpaka akakaukiwa. Ojera aliusogeza mkoba tu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, akamtazama Ondiek.

Ondiek akaipa nafasi hiyo mgongo. Akavuka kwenda gari la pili la Busia, akasimama mlangoni na kuwahoji waliomo mmoja mmoja kama hakimu. Wewe unakwenda wapi? Tororo. Wewe? Busia kabisa, mzee. Wote waliapa. Wazee wenye heshima, mwanamke na kuku wake. Akaingia, akakaa.

Gari la kwanza likapata watu wengine wa kuziba pengo, likatoka. Lilipita karibu na dirisha lake, na Ojera alikuwa bado ndani, ameinamisha kichwa. Ondiek alingoja ateremke langoni. Gari likapita lango, likashika barabara ya Jinja, na hakuna mtu aliyeteremka.

Hapo mzee wa Tororo akainuka, akajinyoosha, akashuka. Yule wa Busia kabisa akamfuata. Mwanamke akamchukua kuku wake na kwenda zake gari jingine. Jua lilipokuwa likiinama, saa ambayo kule Funyula Nabwire alikuwa akitupa udongo kaburini na Ojera amesimama kando yake, Ondiek alikuwa bado pakini amevaa suti yake, ndani ya gari lenye dereva peke yake.