Kitabu cha Makolo, Manukato Yake, na Pua ya Papa

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mangobo, hapa Kisangani, miaka ile ya vita, mtanishuhudia: chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko cha chai, lakini manukato hayakutupungukia hata wiki moja. Vijana wangu wa dukani nikiwaambia hivyo wanasema papa anatia chumvi, na mimi nawajibu kwamba chumvi yenyewe ya kutia haikuwepo. Sababu ni rahisi. Mto ulifungwa, meli za Kinshasa hazikupanda tena, na kila kitu kilikuja kwa ndege kutoka mashariki. Gunia la chumvi ni zito, rubani ananuna. Katoni ya manukato anaibeba hata mtoto. Ndivyo tulivyokula pondu, majani ya muhogo, isiyo na chumvi huku tukinukia kama maharusi.

Mimi ndiye mwenye lile duka la manukato karibu na soko kuu, lenye milango miwili ya vioo. Masomo niliyaacha mwaka wa tano wa primaire, na sioni aibu kulisema, kwa sababu leo wenye diploma zao wanapanga foleni kwangu kuuliza ipi inafaa kwa harusi na ipi kwa ofisi. Pua haisomei darasani. Bon, leo nataka kusema habari ya manukato ya kwanza niliyoyajua na kitabu cha kwanza nilichosikia kikisomwa mpaka mwisho, vyote viwili vya mtu mmoja: Makolo Diamant.

Makolo kwa Kilingala ni miguu, na mwanamuziki yule alistahili jina. Alipocheza, juu alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza kesi, chini miguu inagombana yenyewe. Sisi batoto tulimwiga uani tukiwa tumepandisha kaptula mpaka kifuani, tukipiga gitaa za bati la maziwa na nyuzi za breki za baiskeli. Betri za redio tulizianika juu ya mabati zipate nguvu kidogo, na wimbo wake ukianza, hata mama aliyekuwa anaponda ndizi za lituma alibadilisha mwendo wa mchi. Toleka waliokuwa wanapakia watu kwenye baiskeli waliandika jina lake kwenye vizuia-tope. Mji mzima ulikuwa wake, hata kama majeshi ya wageni yalikuwa yanaugombania kana kwamba ni shamba la baba zao.

Manukato yake yalifika kwa Papa Kambale, mfanyabiashara Mkatoliki wa Butembo aliyekuwa na duka kwenye avenyi yetu. Chupa ilikuwa na umbo la kiatu, na kwenye boksi picha ya Makolo mwenyewe akicheka. Nani angeweza kununua chupa nzima wakati ule? Hakuna. Donc Papa Kambale akafanya akili: alikuwa anauza mpulizo. Jumapili asubuhi kabla ya misa tulijipanga mbele ya duka lake, huyu ameleta yai, huyu kopo la mchele, huyu ndizi mbili. Ukifika mbele unanyoosha mikono kama unapekuliwa na askari kwenye bariere, Papa Kambale anakupulizia mara moja shingoni, na ukisema haikutoka anakujibu, "Imetoka, mutoto. Njo pua yako haijaamuka." Kanisani tulikuwa tunanuka wote sawa, kwaya, wasomaji na walioketi nyuma. Padri siku moja alikohoa mpaka akasimamisha mahubiri, akasema, "Leo naona Makolo amekuja misa na familia yake yote."

Sasa nitoe hukumu yangu, kwa sababu hakuna mtu Kisangani anayeweza kuitoa vizuri kuliko mimi. Manukato ya Makolo yalianza vizuri sana, kama nanasi lililokatwa sokoni mchana. Saa moja baadaye yaligeuka, yakawa kama beseni jipya la plastiki. Kufika jioni yalibaki kwenye kola peke yake, na hata sabuni ya mawese haikuyatoa. Baadaye yalikuja ya mwimbaji mmoja wa kike, Mama Belita, yaliyonukia kama mikate ya kukaanga, na batoto tulikuwa tunamfuata kila aliyejipuliza, njaa inatusukuma. Yakaja na ya golikipa fulani, yananuka majani yaliyokatwa. Hayo hayakuuzika, maana Kisangani nani analipia majani? Lakini ya Makolo ndiyo yalikuwa mfalme, na mtu mmoja tu kwenye avenyi nzima aliyakataa. Huyo alikuwa papa yangu.

Papa Albert alikuwa fundi wa nguo. Mashini yake ilikaa chini ya baraza letu, na kabla ya vita, Makolo alipokuja kuimba Kisangani, suruali yake ilipasuka nyuma dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Vijana wake wakakimbia barabarani wakamleta fundi wa karibu. Muda wa kuvua haukuwepo. Papa akapiga magoti nyuma ya mtu yule, akamshonea suruali mwilini, sindano mkononi na roho mdomoni asije akamchoma. Hadithi hiyo alimsimulia kila mteja akiwa anampima kiuno. "Batu yote baliona uso ya Makolo," alikuwa anasema. "Miye niliona fasi ingine, na pua yangu ilikuwa pale pale."

Kwa hiyo siku ile ya kwanza niliporudi nimepuliziwa, nikajiweka mbele yake anisifu, papa alininusa shingo, akarudisha macho kwenye kitambaa. "Hii haiko harufu yake," akasema. "Ule mutu ananuka ndimu na kafuri."

Jirani yetu Tonton Fidèle, fundi wa redio, alisikia. Fidèle alikuwa shabiki wa Makolo wa kwanza mpaka wa mwisho. Alinyoa kama Makolo, aliacha ukucha mmoja mrefu kama Makolo, mke wake alikuwa anamwita Makolo ili apewe pesa ya sokoni. Akaacha redio aliyokuwa ameifungua, akaja mpaka kwenye mashini.

"Papa Albert, banatia jina yake na picha yake kwa chupa, weye unasema haiko yake? Weye njo ulimuzaa?"

"Mama yake alimuzaa, petit. Miye nilimushona."

"Kafuri banatia mu sanduku ya batu bamekufa. Makolo iko maiti?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikapata miguu. Kufika wiki ya pili, avenyi nzima ilikuwa inamwita papa yangu Papa Kafuri. Mimi nilipigana mara tatu kwa ajili ya jina hilo, mara mbili nikashinda. Lakini ubaya haukuwa jina. Nyinyi mnajua kazi ya fundi: mtu anakuachia yadi tatu za kitenge, anarudi kuchukua nguo, na vipande vilivyobaki anaamini neno lako. Fidèle aliligusa pale pale. Alikuwa anasema kwa sauti, akina mama wakipita, "Mutu mwenye anadanganya juu ya suruali ya Makolo, atashindwa kudanganya juu ya kitenge yako?" Mmoja akachukua kitambaa chake hakijakatwa. Wa pili akafuata. Papa hakugombana na mtu. Aliendelea kuketi kwenye mashini akishona viraka vya nguo zetu wenyewe, na usiku nilimsikia mama akimwambia, "Albert, useme tu ulichanganya, batu barudi." Yeye akajibu, "Nikisema nilichanganya, njo nitakuwa nimedanganya."

Ndipo kikaja kitabu. Papa Kambale alipofungua balo la nguo za mitumba, zile tulizoita tombola, alikikuta katikati ya makoti: maisha ya Makolo Diamant, yameandikwa na yeye mwenyewe kwa Kifaransa, kimechapishwa Ulaya, picha zimejaa. Fidèle alikinunua siku hiyo hiyo kwa redio aliyokuwa ameitengeneza kwa mwezi mzima. Akakishika juu kama padri anayeonyesha Injili, akasimama mbele ya baraza letu.

"Papa Kafuri, kitabu iko hapa. Kama ulimushona, itasema. Kama haisemi?"

"Kama haisemi mambo ya suruali, haisemi," papa akajibu. "Lakini tusome yote. Tusianzie kati."

Msomaji akawa dada yangu mkubwa, yaya Béa, kwa sababu alikuwa mwaka wa tano wa sekondari na Kifaransa chake kilikuwa hakina mashimo. Jumapili baada ya chakula tulijaa uani, kwenye lopango letu. Yeye anasoma mstari kwa Kifaransa, anautia kwa Kiswahili, sisi tunaguna. Jumapili moja risasi zililia upande wa Kapalata, tukaingia wote ndani chini ya vitanda, na Fidèle akiwa amelala kifudifudi alinong'ona, "Béa, aliishia kwa shangazi. Endelea."

Mimi sijasoma vitabu vingi, lakini nasema hivi: kile kilikuwa kitabu kitamu. Mwanzo wake, alipokuwa mtoto mwenye kifua kibovu anayelala kwa nyanya yake, uliwatoa akina mama machozi. Katikati alijisifu mno, magari haya, viatu vile, na mimi ninayejua kujisifu nasema alipitiliza kipimo. Wenzake aliwasema vibaya bila kuwataja majina, na sisi tukawa tunawataja kwa niaba yake.

Halafu tukafika Kisangani. Béa alisoma taratibu. Nusu ukurasa. Mvua ilinyesha, bia ilikuwa ya moto, watu walicheza mpaka uzio ukaanguka, Kisangani aliipenda kwa moyo. Basi. Béa aligeuza ukurasa, na Makolo alikuwa ameshapanda ndege.

Mama aliinuka akaenda kutazama sufuria isiyokuwa na kitu. Fidèle alikunja mikono.

"Suruali iko wapi?"

Papa hakushtuka. "Weye, petit, suruali yako ikipasuka kwa matako mbele ya batu, utaandika mu kitabu?"

Wengi wakacheka, na safari hii kicheko hakikuwa na meno. Lakini Fidèle alikuwa amekwisha kusimama, na wengine nyuma yake, na nilijua wakitoka lango lile, kesho hakuna kitenge kitakachorudi kwenye baraza letu. Papa akasema neno moja tu: "Tulisema yote."

Béa akaendelea. Wachache wakaketi, wengine wakasikiliza wakiwa wamesimama. Ilikuja sura ya ugomvi, Makolo na wale waliomtengenezea manukato, jinsi walivyotumia jina lake na kumlipa kwa makofi. Béa akasoma mstari kwa Kifaransa. Akausoma tena kimoyomoyo, midomo inatembea.

"Sema," mama akamwambia.

"Anasema yeye mwenyewe hajajipaka hata siku moja. Inamupigisha chafya." Béa akaweka kidole pale asipoteze. "Anasema tangu mutoto, juu ya ile kifua, nyanya yake alikuwa anamupaka ndimu na camphre, ni kafuri, na mpaka leo hapandi kuimba bila kujipaka ile."

Fidèle alikichukua kitabu mikononi mwa Béa, akakigeuzia mwanga, akasoma mwenyewe kwa herufi, moja moja, kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Alipomaliza alirudia. Tulimtazama. Kisha akaketi, tena chini, kwenye udongo, karibu na mguu wa papa, akiwa na suruali yake ya kitambaa cheupe.

"Papa Albert," akasema. Hakusema Kafuri. "Ilipasuka namna gani? Ya kusimama ao ya kulala?"

Mbele yake alikuwa mtu aliyekuwa karibu na Makolo kuliko kitabu, na yeye alikuwa amekaa miezi akimcheka. Shabiki wa kweli nilimwona siku ile, maana haya ya kushindwa ilimtoka haraka, njaa ya kujua ikabaki.

Papa, aliyewasimulia watu miaka yote bila kuulizwa, alitia uzi kwenye sindano. "Kuya kesho," akasema. "Leo ni Jumapili, sifanye kazi."

Kesho yake Fidèle alikuja na suruali mbili za kushonwa na kigoda chake mwenyewe. Kufika mwisho wa wiki akina mama walikuwa wamerudi, na mmoja hata hakuuliza habari ya vipande. Papa alimrudishia vyote, vimekunjwa.

Leo vijana wetu wana Makolo wao, wengi kama senene. Wanajua kwa simu alikula nini asubuhi, analala wapi, ameachana na nani. Wanaingia dukani kwangu na kuniambia, "Papa, hii njo harufu yake kabisa," na ukiwauliza wamejuaje, wanakuonyesha picha. Siwalaumu, wananitajirisha. Nyumba yangu ya Makiso yenye vigae imejengwa kwa harufu za watu ambao hakuna aliyewahi kuwakaribia. Lakini sisi tulipanga foleni na yai mkononi kwa mpulizo mmoja, tukausikia wiki nzima, na kitabu kimoja kikatutosha avenyi nzima msimu mzima. Wao wana chupa tano kila mmoja, na nikiwauliza jana walipaka ipi, wanafikiri kwanza.

Papa anakaa kwangu, ana chumba chake chenye dirisha la barabarani. Pua bado nzima, macho yamechoka. Kila manukato mapya ya staa yakifika, chupa ya kwanza nampelekea yeye kabla ya kuipanga dukani, kwa sababu nataka hukumu yake, na sijawahi kuipata. Nampulizia kwenye mkono. Ananusa muda mrefu, kwa heshima, kama anayetafuta mtu kwenye umati.

"Sijue," ananiambia, ananirudishia chupa. "Huyu sijamushonea."